Msaidizi wa Serikali Amelala Kwenye Kiti cha Koko

Leo nimepatikana. Na si kupatikana kidogo. Nimepatikana nikiwa nimevaa blauzi ya kazi ya mtu mwingine, raklette ya kusafishia sakafu mkononi, soksi zimelowa, mbele ya mama wa ofisi aliyekuja kuangalia kama familia yetu inastahili msaada.

Ngoja nieleze. (Naandika kwa sababu kuongea siwezi, mnanijua. Mwalimu wa hesabu anadhani mimi ni bubu mwenye akili.)

Koko ni bibi yangu, mama wa papa. Tunaishi naye hapa Brussels, mtaa wa Saint-Gilles, juu kabisa kwenye nyumba ya zamani ambayo ngazi zake zinalia ukizikanyaga. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kushoto hauna nguvu na goti lake halina uaminifu: leo linakubeba, kesho linakutupa. Papa hurudi usiku. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anaogesha bibi za watu kutwa nzima. Bibi yetu naogesha mimi. Kila Jumatano shule inafungwa mchana, wenzangu wanaenda kwenye basket na kuogelea, mimi naenda kwa Koko.

Sasa kuna darasa la kuchora karibu na kwetu, Jumatano mchana. Nalitaka darasa hilo kupita kiasi. Uzuri wa kuchora ni kwamba hakuna anayekusemesha. Nyumbani sijasema, maana ukisema unataka Jumatano yako ni kama umesema humtaki Koko. Ninyi ndio wa kwanza kujua.

Kwa hiyo mama alipofanikiwa kutupatia aide familiale, nililala nikitabasamu. Aide familiale ni mtu ambaye serikali inamlipa sehemu kubwa, anakuja kwenu kupika, kusafisha na kumsaidia mzee kuoga. Ila kwanza ni majaribio. Assistante sociale, yaani afisa wa ustawi wa jamii wa ofisi yao, anaweza kupita siku yoyote kutazama. Akiona mnajiweza wenyewe, kwaheri.

Leo asubuhi mama alinishika bega mlangoni.

"Sifa, unisikilize muzuri. Leo usiguse kitu. Vyombo uviache. Sakafu uiache. Huyu mama anakuya kufanya kazi, haiko mugeni. Ukisafisha, watasema hatuna lazima ya musaada. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Sema tena."

"Nisiguse kitu."

Kitu gani kigumu hapo? Kutogusa. Hata jiwe linaweza.

Nikarudi mchana. Sinki imejaa. Sufuria ya jana ina sombe (kisamvu) iliyoganda pembeni. Nikakaa chini, nikaikalia mikono yangu (kweli kabisa, niliikalia). Kisha nikawaza: mwanamke nisiyemjua ataingia, ataiona sufuria ile, atajua ni yetu. Nikaosha kikombe kimoja tu. Lakini kikombe kimoja kisafi kati ya vyombo vichafu kinaonekana kama kejeli. Nikaosha vya kando yake. Mnajua ilikoishia.

Koko naye hakunisaidia. Mama alimwacha na gauni la kulalia makusudi. Nikamkuta amekaa kitandani amekunja uso.

"Lete kitenge yangu ya bluu. Na kilemba. Na ile marashi."

"Koko, mama amesema ubaki hivyo."

"Mugeni aingie anikute na nguo ya usiku? Mimi ni mugonjwa?"

"Koko, wewe ni mgonjwa. Ndiyo sababu anakuja."

Akaniangalia. Nikaleta kitenge.

Kengele ikalia. Njiani kutoka shule nilikuwa nimejizoeza sentensi moja ya Kifaransa: "Karibu madame, jikoni ni huku." Fupi, na inamwelekeza mtu kwenye kazi. Nikafungua mlango. Alikuwa Madame Rita, aide wetu, Mbelgiji wa makamo aliyekaribia pensheni, anahema kwa sababu ya ngazi, uso umekuwa mwekundu kama nyanya. Nikafungua mdomo na nikajisikia nikisema:

"Kaa, madame."

Basi. Ukishamwambia mtu mzima akae, utamwambiaje ainuke akaoshe choo?

Rita alijaribu, msimlaumu. Alivua koti, akavaa blauzi yake ya waridi yenye jina la ofisi, akauliza aanzie wapi. Akatazama sinki. Inang'aa. Akatazama jiko. Linang'aa. Koko alikuwa anatazama kitu kingine.

"Sifa, angaria miguu ya huyu mama."

Kweli ilikuwa imevimba, viatu vimeikata.

"Anatoka nyumba gani?"

Nikauliza. Rita akasema ametoka kwa mzee mmoja kule mtaa wa Forest, na kabla ya hapo kwa mwingine. Nikatafsiri.

"Na amekula?"

Hajala.

"Leta maji ya moto na chumvi. Na umupatie bugali."

"Koko, yeye ndiye amekuja kutusaidia sisi."

"Nani amekatala kusaidiwa? Apumuzike kwanza, halafu atasaidia."

Rita akaniambia nimweleze bibi kuwa hawezi, yuko kazini. Sikumweleza Koko, nilimwambia kuwa madame anashukuru. Kisha nikamwambia Rita kuwa kwetu ukikataa mzee anaumia moyo. (Hilo ni kweli. Ila pia Koko akiumia moyo, mimi ndiye nitakayesikia hadi Krismasi.) Mkalimani mwoga hana upande. Anawakubalia wote.

Rita akakaa kwenye kiti cha Koko, kile kikubwa cha kuegemea. Miguu kwenye beseni. Bugali, sombe na visamaki vya ndagala mapajani. Mara ya kwanza alikula kama anayeonja dawa. Mara ya pili aliongeza mwenyewe. Akasimulia habari za mume wake na mbwa wao, Koko akasimulia za Bukavu, kila mmoja kwa lugha yake, wakicheka pamoja bila mimi kutafsiri chochote. Nikahisi sihitajiki, nikaenda kupiga pasi.

Ili shati langu la shule lisilowe nikipiga deki, nikavaa blauzi ya waridi ambayo Rita alikuwa ameivua kwa sababu ya joto la sombe. Niliporudi sebuleni Rita alikuwa amelala. Amelala usingizi hasa, mdomo wazi. Koko alikuwa amemfunika kitenge kingine, na yeye mwenyewe amekaa kwenye kigoda pembeni, ameridhika kama mtu aliyemlaza mtoto wake.

Kengele ikalia.

Mimi huwa siulizi "nani?" kwenye kile kisimu cha mlangoni. Naogopa jibu. Nabonyeza tu. Nilidhani ni mtu wa vifurushi.

Akaingia mwanamke kijana mwenye mkoba na tableti kifuani. Assistante sociale.

Alinitazama mimi, akatazama blauzi, akatazama raklette. Akageuka akatazama kiti.

"Rita?"

Koko akaweka kidole midomoni. "Shhh. Mugeni analala." Kisha kwangu: "Huyu pia umuletee sahani."

Mimi, nikiwa na nafasi ya kusema sentensi yoyote duniani, nilisema: "Kaa, madame."

Akakaa. Na kwa kuwa Koko alikuwa bado ameshika kidole midomoni, mahojiano yote yakafanyika kwa kunong'ona.

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Nani amepiga pasi?"

"Mimi."

"Na Rita?"

Nikafikiri. "Amekula vizuri."

Akakohoa kidogo akitazama dirishani. Kisha akaniambia nimuulize Koko kama anaweza kuingia kwenye baignoire kuoga peke yake. Nikauliza. Koko akanyoosha kilemba kwa mkono wake mzima.

"Muambie naweza."

Hapo ndipo Jumatano zangu zote zilipokuwa zimesimama, zinanisubiri. Kwa sababu majuzi Koko aliteleza humo. Hakuvunjika. Lakini sikuweza kumwinua. Tukakaa wote wawili sakafuni bafuni, nimemfunika taulo, ananiimbia nyimbo za kanisa ili nisilie, hadi mama aliporudi. Koko alitukataza kulisema nje ya nyumba.

Assistante alikuwa ananingoja. Koko alikuwa ananingoja.

"Koko anasema anaweza," nikanong'ona kwa Kifaransa. "Mimi nasema hawezi. Alianguka na mimi sikumweza."

Koko hajui Kifaransa, lakini uso wangu anaujua. "Umesema nini?"

"Nimesema ulianguka, Koko."

Nikangoja anigombeze. Akavuta ncha ya blauzi ile ya waridi, akanipangusa nayo shavu, akasema, "Bon. Muambie basi na wewe ulilia. Aibu isikuwe ya mutu moja."

Nikatafsiri na hilo. Sauti ilinitoka kubwa, Rita akazinduka, akamwona mkubwa wake, akaruka. Miguu ilikuwa bado kwenye beseni.

Maji yalienda kila mahali. Assistante akavua viatu, akachukua torchon ya kupangusia, akapiga magoti. Rita akachukua raklette. Nikasogea nisaidie.

"Wewe hapana," akasema assistante. "Wewe kaa. Usiguse kitu."

Nikakaa kwenye kiti cha Koko. Kilikuwa bado na joto la Rita.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Mama. Mama yuleyule wa asubuhi, wa "haiko mugeni". Akaona mwanamke wa ofisi yuko chini anakamua kitambaa, Rita peku, Koko ananukia kama bibi arusi, na binti yake ametulia kwenye kiti kikubwa.

"Sifa! Wageni banapanguza nyumba, na wewe umekaa kama muke wa gouverneur?"

Akatupa mkoba wake, akamnyang'anya assistante torchon mkononi. "Non, non, madame, hapana, ukae tafazali, umekula?"

Akapiga magoti akaanza kupangusa. Halafu akaacha kupangusa. Nadhani ndipo alipojisikia, akakumbuka maneno yake ya asubuhi.

Assistante alicheka hadi akashika meza. Akasema amekuja kujua shida ya nyumba hii iko wapi, na sasa ameiona yote: mzee anahitaji mtu wa kumwogesha, na mtu huyo asiwe na umri wangu. Rita ataendelea kila Jumatano. Lakini yeye assistante ana sharti moja. Rita akiwa hapa, mimi nisiwepo. Na mama naye, akiwa hayuko kazini, akatafute mahali pa kwenda.

"Una mahali pa kwenda Jumatano?" akaniuliza.

Nikalisema darasa la kuchora, mbele ya mama, kwa sauti ya kusikika. Mama akaniangalia, kisha akaniuliza penseli zinauzwa wapi.

Kwa hiyo mkisikia kuna familia Brussels imepewa msaada wa nyumbani kwa sharti watu wa nyumbani waondoke, msicheke. Ni sisi. Na ndiyo, tumekubali.