Ekzosi ya Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Pikipiki ya mwanangu imewaka. Salamu baadaye. Imewaka jioni hii, hapa hapa uani, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Tangu mwaka jana ilikuwa chuma chakavu chini ya turubai, wateja wakija kushonesha wananiuliza nimefunika nini, mbuzi? Leo ni pikipiki. Ya mtindo wa zamani: tangi la mviringo la kijani, mstari wa dhahabu, taa moja ya duara usoni. Siti nimeshona mimi. Aliyeiunda ni kifunguamimba wangu, msichana, aliyekataliwa na gereji tatu eti mikono yake midogo. Mikono nimempa mimi. Haina kasoro.

Na Jumamosi anakuja Mzee Grisi kuikagua. Huyu ndiye mwenye gereji ya pikipiki za aina hii, ile yenye sakafu ya vigae. Akiridhika, anampa binti kazi. Asiporidhika, binti ataendelea kuuza vocha kwenye kibanda cha shangazi yake. Kwa hiyo aridhike.

Nikavuka barabara kumwarifu Mama Mapazia. Si kuringa. Kuarifu. Akasema hongera jirani, hata mkwe wangu anayo ya namna hiyo, silinda mbili, ya mwanao ina ngapi? Sikujua silinda ni nini. Nikasema mbili. Nilitaka kusema tatu, nikajizuia. Sipendi majivuno.

Jumanne, 4 Juni

Ina moja.

Nilimuuliza binti asubuhi, kijuujuu, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu. Moja, akasema, huku anatabasamu. Nikamuuliza kama waliomuuzia injini walimpunja. Akacheka, akaniketisha kwenye kigoda, akanieleza taratibu kama ninavyowaeleza wateja habari za bitana. Silinda ni chumba cha chuma. Ndani pistoni inapanda na kushuka, petroli inalipuka, gurudumu linazunguka. Pikipiki ya chumba kimoja ni nyembamba, nyepesi, plagi moja, na inavuta vizuri hata ikienda polepole. Inatetemeka, hilo hakunificha. Ya vyumba viwili ni laini na ina mbio kwenye barabara ndefu, ila ni nzito na matengenezo yake ni mara mbili.

Nikasema basi ya mkwe wa Mama Mapazia ndiyo bora. Akasema hapana mama, ni aina nyingine tu. Yeye anapenda silinda moja kwa sababu ikiumwa unaisikia papo hapo.

Nimeelewa yote. Cherehani yangu ina sindano moja na imesomesha watoto watatu. Lakini Mama Mapazia nimeshamwambia mbili, na yeye ameshawaambia wa saluni.

Jioni nikaenda kuichungulia ya mkwe. Tofauti niliyoiona kwa macho yangu ni ekzosi. Yake ina mabomba mawili ya moshi, kushoto na kulia. Yetu ina la kulia tu. Kushoto patupu, kama mwanamke aliyesahau hereni.

Hilo si tatizo. Hilo ni kazi ya saa moja.

Jumatano, 5 Juni

Mdogo wangu huchomelea mageti. Akaniuliza, dada, hilo bomba la pili nitaliunganisha na nini? Nikamwambia na chochote, mradi likae kushoto na ling'ae. Akasema binti atamchukia. Nikamuuliza nani alimbeba yeye mgongoni utotoni alipougua surua. Akachukua vipimo.

Amelifunga mchana, binti akiwa kibandani. Limetoka kwenye pikipiki iliyokufa. Ukiligusa lilikuwa linalia kama kikombe cha bati, kwa hiyo nikalishindilia vitambaa ndani, mabaki ya gauni ninalojishonea la Jumamosi. Likanyamaza.

Binti amerudi. Amesimama. Ameliangalia. Kisha akakaa chini kabisa, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Anacheka. Akauliza, mama, hili linatoa moshi wa nani? Nikasema ni pambo. Akasema atalifungua kabla ya Jumamosi. Nikasema sawa. Ijumaa iko mbali.

Alhamisi, 6 Juni

Mama Mapazia amekuja na dada wa saluni. Wamehesabu ekzosi. Mbili. Nimemimina chai kwa raha zangu.

Ndipo Mama Mapazia akasema hebu iwashwe, tuisikie. Ya mkwe wake inanguruma kama paka aliyeshiba. Yetu inasema du, du, du, kila du na nafasi yake, unaweza kutwanga mahindi ukiifuata. Nikasema haiwashwi, injini inapumzika. Akauliza tangu lini injini zinapumzika. Nikasema za bei kubwa hupumzika. Akanywa chai yangu yote, macho kwangu, juu ya ukingo wa kikombe.

Ijumaa, 7 Juni

Gauni limekwisha. Maua ya rangi ya chungwa, mikono iliyofura kama puto. Mzee Grisi ataona binti anatoka nyumba gani.

Alasiri nilikuwa nalipangusa bomba langu, naimba kidogo. Binti akatoka ndani na spana mkononi. Akanitazama. Akarudi ndani na spana yake. Nimeshinda bila kusema neno.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike yote kabla sijalala.

Mzee Grisi alikuja asubuhi. Mfupi, miwani minene, hana maneno. Akaizunguka pikipiki bila kuigusa. Mama Mapazia na mkwe wake walikuwa getini kwetu, eti wanapita. Mzee akasifu spoku, akasifu nyaya. Siti akaisifu. Akafika kushoto, akachuchumaa. Akamuuliza binti, silinda ngapi? Moja, akajibu, sauti safi, hadi getini wakasikia.

Akaomba iwashwe. Du, du, du. Akaweka kiganja nyuma ya bomba la kulia, moshi. Kiganja nyuma ya la kushoto, hakuna kitu. Akaingiza vidole viwili, akavuta. Kikatoka kitambaa. Akaendelea kuvuta, kikaendelea kutoka. Akakitazama. Akalitazama gauni langu. Maua yale yale.

Hakucheka. Akasema yeye haajiri fundi anayefunga uongo kwenye chombo cha kubeba roho ya mtu. Akachukua helmeti yake.

Nikamshika mkono wa shati, nikasema baba, uongo ni wangu. Silinda ni moja, mwanangu hajaficha, mwenye kutaka mbili ni mimi. Nikasema kwa nguvu, getini wasikie, maana ilikuwa ama mimi niaibike au yeye arudi kwenye vocha.

Mzee akamgeukia binti: wewe fundi, ulilionaje ukaliacha? Binti akasema jana alitoka na spana alifungue, akamkuta mama analipangusa na kuimba. Haligusi mnyororo, haligusi breki. Akaona likae kwanza. Kila jioni alikuwa anazikagua boliti, kwa sababu alizoweka mjomba zilikuwa zimelegea.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa changu. Akapanda pikipiki, akatoka nayo, akakawia hadi nikakaa chini na gauni langu jipya kwenye vumbi. Akarudi. Akasema Jumatatu saa mbili, aje na ovaroli. Bomba lifunguliwe. Na mama akija gerejini, aache vitambaa nyumbani.

Nimelia. Binti amenishika mabega kwa mikono yake midogo, inanuka petroli, nikaona sijawahi kunusa kitu kizuri hivi. Mama Mapazia naye akaja kunikumbatia. Ananiambia alijua tangu Jumatatu, nilijibu haraka mno. Alitaka tu aone nitafika wapi.

Nimejifunza. Kuanzia leo ukweli mtupu.

Jumapili, 9 Juni

Wa saluni wamepita kutoa hongera. Wakauliza binti amepewa kazi gani. Nikasema ufundi. Nyuso zao zikapoa, nikawaonea huruma, nikaongeza kuwa ni msimamizi. Wakauliza wa nini. Nikasema wa gereji nzima. Wakauliza, na yule mzee mwenye miwani aliyekuja jana? Nikasema ni mzee mwema, anamsaidia kushika taa.

Sasa wanataka kuona kwa macho. Ni haki yao. Kesho namshonea Mzee Grisi ovaroli, kitambaa kizuri, bila maua. Nitamwomba siku watakapokuja tu ashike taa, asikae kwenye kiti cha bosi. Atakubali, ameisifu siti yangu. Nimewakaribisha wa saluni, shangazi mtu, mdogo wangu na Mama Mapazia na mkwe wake. Wote wanakuja gerejini Jumapili ijayo, tarehe 16, saa nane mchana.