Bamba la Shaba la Bwana Esposito

Umma wa Toronto ulitangaziwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu hakuna atakayeruhusiwa kuwa na jina la ukoo lisilo na mizizi. Tangazo lilitoka Ofisi ya Uthibitisho wa Majina, ghorofa ya tisa, likiwa na saini ya mkurugenzi, Domenico Esposito, aliyeandika masharti yote peke yake ili kupunguza mivutano.

Winfred Kirimi, karani wa masjala, aliona utaratibu huo una busara, isipokuwa Kifungu cha Saba: jina la kila mtumishi liwe limetoka kwa baba anayejulikana na limerithiwa mara nne, la sivyo kazi yake ikome Ijumaa saa kumi. Jina Kirimi lilikuwa limerithiwa mara moja. Baba yake, Mmeru, aliitwa Kirimi Muriuki, na babu yake Muriuki Nkonge.

"Yaani kila kizazi mnaanza upya?" mkurugenzi aliuliza.

"Tunaendelea, bwana. Naweza kukutajia mababu saba."

"Hao ni watu, Bibi Kirimi. Ofisi hii inashughulikia majina."

Kwa kuwa bado alikuwa na siku nne za utumishi, alipewa kazi ya kuandika historia ya ukoo wa Esposito, ichongwe kwenye bamba la shaba mlangoni. Mkurugenzi alimshauri aanzie kwa watawala wa Napoli. Winfred alianzia kwenye nyaraka.

Genoveva, mwenzake wa masjala, aliisoma rasimu akaketi.

"Winnie, ukiipeleka hii umekwisha."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Ndiyo maana umekwisha."

"Ijumaa nakwisha hata hivyo. Sasa niende na makosa pia?"

Ijumaa, mbele ya kamati inayosimamia ofisi, mkurugenzi aliamuru historia isomwe kwa sauti. Winfred akasoma: mwaka 1790, Napoli, mtoto mchanga aliachwa kwenye kidirisha cha nyumba ya kulelea watoto waliotupwa. Baba hajulikani. Karani wa zamu akamwandikia Esposito, yaani aliyeachwa nje, kama walivyoandikiwa wenzake waliookotwa hapo.

Mwenyekiti, Bi Nargis, alivua miwani. "Kwa hiyo mzizi wa jina hili ni karani?"

"Karani, mheshimiwa. Wa daraja langu."

Kifungu cha Saba kilifunguliwa. Kilikuwa wazi, mwandishi wake alikuwa makini. Kiliwafukuza wote wawili, saa kumi.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mkurugenzi akaomba kuwasilisha marekebisho madogo: mtumishi akiwa na baba anayejulikana, jina la baba huyo litoshe. Yalipita bila kupingwa.

Winfred alichukua fomu. "Baba yako anaitwa nani, bwana?"

"Rocco," alisema mkurugenzi, taratibu.

Akaandika.

Bamba lilitundikwa Jumatatu: DOMENICO ROCCO, MKURUGENZI. Barua ya kumthibitisha Winfred kazini ndiyo ya kwanza kusainiwa kwa jina hilo, na ilibidi ichapwe mara mbili, maana mkono wa mkurugenzi ulikuwa bado haujazoea.

"Na wanawe je?" Genoveva aliuliza.

"Wataitwa Domenico," alisema Winfred. "Wanaendelea."