Bunduki Si Komeo

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,
Mezani kwake, kama yupo.

Mwanangu Mkuu wa Kituo,

KUHUSU: KUNIFUNGIA KARAKANA YANGU YA BUNDUKI NDANI YA SIKU SABA

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi mzima. Magoti ndiyo yanalalamika, ila hayajafikia kunishtaki polisi kama wateja wangu.

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Unasema wateja watatu wamekuja kwako kulia kwamba wananiletea bunduki, nazitengeneza, halafu nakataa kuzirudisha. Unasema nisipozirudisha zote ndani ya siku saba, pamoja na ya kwako, utanifutia leseni. Mwanangu, hapo hakuna uongo hata punje. Nakataa, na kesho nitakataa tena. Kosa lako ni kwamba hukuniuliza sababu.

Shule mimi niliishia darasa la tatu. Kazi hii nilifunzwa na marehemu mume wangu, mikono yake ilipoanza kutetemeka: yeye anasema, mimi nashika tupa, nasugua chuma. Kwa tupa hiyo nimelea watoto watano. Ukinifutia leseni itabidi nikaishi kwa mkazamwanangu, ambaye hata kuchemsha maji hunitolea maelekezo. Kwa hiyo soma taratibu, usiruke mstari.

1. Mlinzi wa duka la vitambaa. Huyu aliniletea bunduki akisema haifyatuki. Mimi bunduki naanza kuipokea kwa pua. Nikanusa mtutu, nikasikia karanga. Nikauinamisha, karanga zikamwagika mezani, za kukaanga, zenye chumvi. Na chumvi ndiyo mama wa kutu, hilo hata mtoto wa fundi analijua. Nikamuuliza, mwizi akija utamfanya nini? Akanijibu bila haya, "Bibi, akija nitamkaribisha karanga, tuzungumze yaishe." Nimesugua mtutu ule siku mbili. Bunduki imebaki kwangu, karanga nimemrudishia. Atatumia kilicho chake.

2. Mwindaji, yule mnayemwita Kosakosa. Kila mwezi anakuja na wimbo mmoja: mtutu umepinda. Kila mwezi naubana kwenye meno ya jiliwa, naupitisha uzi ndani, namuonyesha: umenyooka kuliko tabia yake. Mara ya mwisho aliingia karakanani, akalielekea koti la marehemu lililoning'inia msumarini, akaliamkia shikamoo. Halafu akasimama kusubiri aitikiwe. Koti lilipokaa kimya akanigeukia akasema, "Leo mzee kaamka vibaya." Mkuu, huyo ndiye unataka nimpe bunduki mkononi? Mzee ana miaka kumi na minne kaburini! Nilimwambia kilichopinda ni macho, na macho mimi sina tupa yake. Aende akatafute miwani. Akishaiona tofauti ya koti na mtu, aje tuongee habari za swala.

3. Mkulima wa mahindi na mkewe. Hawa walikuja wawili, wamebeba bunduki kama maiti, kitako kimepasuka. Kumbe kila jioni wanaipitisha nyuma ya mlango, ndiyo komeo. Miaka sita! Nikakiunga kitako, nikakipaka mafuta, nikawaambia, nendeni kwa seremala mkatengenezewe komeo, mkiniletea ushahidi nitawapa bunduki. Sasa wamekuja kwako kusema Bibi amechukua komeo letu na mbuzi wanaingia ndani. Umewasikia? Komeo letu! Wamejishtaki wenyewe na wewe ukaandika upande wao.

4. Wewe. Ndiyo, wewe. Bunduki yako uliniletea mwenyewe, umeitundika begani, unatembea kwa majivuno, ukasema nitie mafuta tu kidogo. Kufungua, ndani ya mtutu nakuta nyigu. Nyumba nzima, na watoto. Nilikimbia nje na magoti haya haya, mdomo ulivimba siku tatu, nikawa nasalimia watu kwa mkono. Maana yake tangu upewe kituo hicho, mji mzima tulikuwa tunalindwa na nyigu. Na wewe ndiye wa kunifundisha mimi matunzo ya silaha? Nyani haoni kundule.

Basi, kwa adabu zote ninazoziweza, naomba yafuatayo. Barua yako uichane. Leseni yangu uiache ukutani ilipo. Na uandike amri mpya, uibandike mlangoni pa kituo: kuanzia sasa bunduki zote za mji huu zilale kwangu. Anayetaka kupiga risasi aje, akae kwenye benchi langu, aeleze anataka kumpiga nani na amekosewa nini. Nikiridhika nitampa. Sitaridhika, lakini atakuwa amepumzika. Askari wako nao waje na benchi lao, langu ni fupi.

Kwangu mimi bunduki inakaa kwa heshima. Kila moja ina msumari wake na kitambaa chake, Jumamosi kwa Jumamosi inapata mafuta. Bunduki si kopo, si komeo, si nyumba ya wadudu. Ina kazi yake moja, na kama haifanyi hiyo, ipumzike. Katika mikono yangu haijawahi kufanywa kitu kingine.

Nisalimie mkeo, mama yako, askari wako wote hata yule mnene anayelala zamu ya mchana, na karani wako aliyeniandikia barua bila shikamoo. Mwambie nimemsamehe, ila asirudie.

Ni mimi, mwenye tupa yangu,

Bibi Bunduki

Nyongeza: Ile ya kwako, mwanangu, naomba usiifuate kwanza. Upepo wa wiki mbili zilizopita ulivunja nguzo ya banda langu la kuku, na katika zote yako ndiyo iliyokuwa ndefu na nyoofu, ikaenea kama imepimwa. Mtutu nimeuziba kwa kitambaa, nyigu wasirudi. Shida ni kwamba kuku wangu mwekundu ameshalalia mayai kumi na moja chini yake. Leo ana siku ya tisa. Zimebaki kumi na mbili, na wewe umenipa saba. Hesabu hiyo hata sisi wa darasa la tatu tunaona haitoshi. Ukija, njoo na mti wa urefu uleule, na uingie polepole. Huyo kuku haogopi sare.