Vita vya Daktari Stemple na Kisanduku Kimoja

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu, Daktari Harlan Stemple aliwasha kompyuta. Sogeeni basi, mlio karibu na mlio mbali, mumsikie simba wa bonde la Cutler, fahari ya milima ya West Virginia, aliyeandika vidonge vya maumivu miaka ishirini bila mkono kutetemeka, na jinsi alivyoshuka uwanjani kupambana na mafunzo ya kompyuta yenye urefu wa saa nane.

Serikali ilikwisha kunena: tabibu asiyejifunza kutibu waraibu hatapewa kibali kipya cha kuandika dawa kali. Kibali cha Stemple kilikuwa kinaisha jioni hiyo.

Kwenye benchi la wagonjwa, kando ya mlango wa ofisi yake, alikuwapo Cody Lantz, mchimba makaa aliyeumia mgongo, ambaye vidonge vya Stemple vilimtuliza kwanza, kisha vikamtawala. Sasa alitaka dawa ya kumtoa kwenye uraibu huo. Kliniki iliyoitoa ilikuwa ng'ambo ya milima, naye gari alikwisha kuliuza.

"Daktari, si ndiyo mafunzo ya dawa yangu hayo? Ukimaliza utaniandikia?"

"Tulia, Cody. Shujaa hasemeshwi vitani."

"Nimetulia, Daktari. Mwili tu ndio unatetemeka."

Ndipo bingwa akapiga pigo la kwanza: alizima sauti ya video ya mafunzo. Akatandaza mezani manyoya na ndoano, akaanza kuyafunga kwenye ndoano yawe chambo bandia cha samaki. Lakini adui alikuwa mjanja: kila baada ya muda video ilisimama na kuuliza, "Bado upo?" Stemple hakuinuka. Alichukua ufito wake wa kuvulia, akaunyoosha kama mkuki wa mababu, akabonyeza "Endelea" kwa ncha yake.

"Loretta! Umeona shabaha hiyo?"

"Nimeona, Daktari," alijibu karani wake kutoka mapokezi. "Ukimpata samaki humo ndani, nigawie."

Ukafika mtihani, ngome ya mwisho. Uliuliza ni dawa gani apewe mgonjwa aliyetekwa na vidonge. Shujaa alichagua jibu la kwanza, akarudishwa. La pili, akarudishwa. La tatu, vilevile. Jibu la nne lilimfungulia lango, kwa kuwa mlinzi wa ngome ile hakumfukuza mtu.

Kikabaki kisanduku cha kutia tiki kwenye fomu ya kibali: je, umetimiza mafunzo? Hakikudai ushahidi. Stemple alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Loretta, shuhudia! Walitaka kunirudisha darasani, mimi, niliyezalisha nusu ya bonde hili! Basi na waone!"

Akabofya. Alama ya tiki ikatokea.

"Hongera, Daktari," alisema Cody mlangoni. "Haya, niandikie."

"Mambo hayo siyafanyi hapa, kijana wangu. Nikianza na wewe, kesho waraibu wa kaunti nzima watajaa kwenye benchi langu."

"Si ndio waliojaa siku zote? Uliwaandikia wewe."

"Nenda kliniki, Cody."

"Kwa miguu?"

Stemple alikuwa akiusubiri mtambo wa kuchapa utoe cheti. Cody akavaa kofia yake, akatoka.

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku hiyo bonde la Cutler lilipata tabibu aliyefunzwa kutibu waraibu. Saa kumi kasoro robo Loretta alipigilia msumari, cheti kikatundikwa juu ya benchi. Mbao za benchi zilikuwa bado na jasho la Cody.