Waya Mwekundu, Waya wa Buluu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemaliza. Kuanzia leo simu za Newala hazifi!

Nimewaeleza watu kazi hii hadi nimechoka. Hawaelewi mpaka nitumie mfano wa posa. Sauti haitangulii. Kabla simu yako haijalia, mtambo wetu wa Newala na ule wa Masasi hupelekeana ishara: fulani anatafutwa, yupo? Jibu likirudi kwamba yupo, ndipo simu inalia. Ishara ndiye mshenga. Mshenga akifia njiani, bwana harusi awe mzima, awe kavaa suti, harusi hakuna. Hata simu za mkononi ni hivyohivyo. Kwa hiyo ishara hupewa njia mbili, moja ikikatika nyingine ipokee.

Njia yangu ya kwanza ni waya mwekundu, unashuka Masasi moja kwa moja. Ya pili ni waya wa buluu, unazungukia Kitangari. Kwenye mchoro unazunguka. Kwenye ardhi sikuona haja ya kwenda Kitangari kuchimbia nguzo juani, wakati nguzo nzima zipo na zinapita shambani kwangu Mkunya. Nyaya zote mbili nimezitundika kwenye nguzo hizohizo. Rangi ni tofauti.

La pili, na ndilo kubwa: Josephina. Fundi cherehani, Masasi. Nampenda, naandika wazi. Baba yake nilimwambia mimi ndiye mwenye laini isiyokufa. Kasema vizuri, ataipima. Nitume washenga, kisha jibu atalitoa mwenyewe kwa simu mbele ya shangazi wote. Nikipokea, tutazungumza mahari. Nisipopokea, kuna posa nyingine inangoja.

Hiyo nyingine ni ya Cuthbert, fundi wa mtambo wa Masasi. Mmakua, mtani wangu. Husema Mmakonde akitengeneza simu huanza kwa kuichonga pua.

Jumatano, 9 Oktoba

Ukaguzi. Mama Maryam, mkuu wetu wa mafundi, kaja kutoka Mtwara. Nimempa shikamoo mbili, ya pili ya akiba. Kaitikia moja.

Nilitandaza mchoro mezani. Akauliza buluu inapita wapi. Nikapitisha kidole mpaka Kitangari na kurudi, taratibu, kikazunguka vizuri sana. Hakuuliza zaidi. Akachomoa fyuzi ya nyekundu. Mara simu ya mezani ikalia: Cuthbert toka Masasi, anauliza sisi huku tumekula nini. Buluu imepokea! Makofi, soda, picha. Mama Maryam kasema mchoro wangu utatundikwa ukutani Mtwara uwe mfano kwa wengine. Nguzo hakuziangalia hata moja. Alisema jua ni kali.

Cuthbert ana maneno. Kabla ya kukata simu kaniuliza mbona kwenye kipimo chake ishara za buluu zinafika sawasawa na za nyekundu, na njia ni ya kuzunguka. Nimemjibu waya wa buluu bado mpya. Akacheka. Kicheko chake sikukipenda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo washenga wamekwenda. Nimetumia utaalamu uleule: wawili. Baba mdogo Gideoni ndiye mkuu, ana maneno matamu, lakini akiona uraka, ile pombe ya mabibo, hapiti. Na msimu ndio huu, mabibo yameiva, kila kaya ina mtungi. Kwa hiyo nimemweka Nikolao, jirani yangu, awe akiba. Gideoni akianguka, Nikolao apokee. Isitoshe wanaelewana, kila jioni wako pamoja. Nimewapa pikipiki moja.

Wamerudi jua likizama, wanaisukuma.

Kwenda walikwenda salama. Masasi wamepokewa kwa heshima, wamekula kuku. Wakati wa kurudi wakapita Mkunya kwa shemeji yake Nikolao kumsalimia tu. Mtungi ulikuwa mmoja. Wakauinamia wote wawili.

Nikauliza jibu. Gideoni kasema mzee atapiga Jumamosi. Saa ngapi? Kasema saa kaishika Nikolao. Nikolao kasema saa alimwachia Gideoni kwa kuwa ndiye mkubwa. Wakaanza kulaumiana, kisha wakalala palepale ukumbini, mmoja kichwa juu ya tumbo la mwenzake.

Nilikasirika sana. Halafu nikatulia. Saa ya nini? Laini yangu haifi. Nitakaa na simu siku nzima.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi simu mfukoni, chaji imejaa, mistari yote ya mnara imesimama. Nikaona nisikae bure. Wakwe wakikubali watakuja kuona shamba, nao huangalia chini ya mikorosho kabla hawajakuangalia usoni. Nikaenda Mkunya nikafagia majani mpaka chini pakawa panaweza kuandaliwa chakula. Majani nikayalundika penye nafasi, yaani chini ya nguzo.

Mama Ziada, jirani wa shamba, kapita na ndoo kichwani. Kaniambia, baba, upepo umeamka, sogeza hayo majani mbali na nguzo. Nikamwambia nguzo ni kazi yangu, nimeisomea. Akaenda zake. Nikawasha.

Nguzo zetu hupakwa dawa ya mchwa. Mchwa hawaipendi. Moto unaipenda.

Lazima niseme mtambo ulifanya kazi kama nilivyousanifu. Waya mwekundu ulianguka, buluu ikapokea papo hapo. Ikabeba ishara zote za Newala kwa muda wa kutafuna korosho moja. Kisha nguzo ikalala nayo.

Nikatoa simu. Mistari yote imesimama, na mshenga hayupo. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikachukua pikipiki, nikashuka Masasi bila kofia, nyusi moja imeungua.

Nilipofika uani kwao, Baba Josephina ameketi na simu ameiweka wazi wote wasikie. Shangazi wamejipanga kwenye mkeka. Cuthbert naye yupo, anakunywa chai. Yule dada wa kwenye simu akawa anasema mteja hapatikani kwa sasa. Nikasema nipo. Hawakugeuka. Shangazi mmoja akamwambia mzee apige tena, huenda ni mtandao. Akapiga. Hapatikani. Nikasema tena nipo, shikamooni.

Cuthbert ndiye aliyegeuka. Aliniuliza mbele ya wote imekuwaje washenga wawili wa njia mbili wakafa pumzi moja. Walipanda pikipiki moja? Shangazi wakacheka mpaka mkeka ukasogea. Mtani hakasirikiwi. Nilikasirika.

Baba Josephina kasema alitaka kumpata mtu kwenye simu, na mtu huyo hakupatikana. Hapo nilijua Josephina nimemkosa. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Ndipo Josephina akatoka na futi yake shingoni. Akamwamkia baba yake, akaomba neno. Kasema mtu aliyeshuka mteremko wote na nyusi moja si wa kurudishwa hivihivi. Atanisubiri wiki moja. Sharti ni moja, maana Cuthbert keshawasimulia ukaguzi wote: waya wa buluu uende Kitangari kweli, si kwa kidole. Jumamosi ijayo atakwenda kwa Shangazi Oliva, aliyeolewa huko, auone kwa macho yake. Mzee akakubali. Cuthbert akajitolea kuja kunisaidia kuchimbia nguzo. Nikamwambia asante, sihitaji.

Jumapili, 13 Oktoba

Simu zinalia tena. Cuthbert kapanda na watu wake jana hiyohiyo, wamesimamisha nguzo mpya. Sikumwomba.

Baada ya misa nimekaa nikatafakari kwa makini kosa liko wapi. Nimelipata. Nguzo ni za mti. Nitaomba za chuma, palepale shambani, na juu yake niongeze waya wa tatu, wa kijani. Mchoro nimeshauanza. Kijani inazungukia Mnyambe.

Shukrani kwa Josephina nazo zinahitaji mshenga. Nimewaita Gideoni na Nikolao, na safari hii nimemwongeza yule shemeji wa Mkunya, maana hata haja ya kupita kwake kumsalimia haitakuwepo.

Limebaki la Kitangari. Nguzo zote zile kwa wiki moja, jua lote lile! Nimeulizia. Nyumba ya Shangazi Oliva ni ya kwanza kando ya barabara, na mbele yake kuna mikorosho miwili imeachana vizuri. Waya wa buluu umenibakia kipande. Nimekipima kwa hatua. Kinatoka mkorosho wa kwanza, kinapita mbele ya dirisha la shangazi, kinafika mkorosho wa pili, na kinabaki kidogo cha kufungia fundo.