Kondoo wa Pembe Moja

Jumatatu, 3 Novemba

Asubuhi yote nimeketi katika chumba cha cherehani. Ukurasa bado mweupe. Nimeandika "Jua lilichomoza." Nimefuta. Nimeandika "Jua halikuchomoza." Nikafurahi kidogo. Nimefuta pia.

Ruguru, mke wangu, amesimama mlangoni na sare za kwaya begani. Ni yeye aliyeniachia chumba hiki tangu Januari ili niandike riwaya, akahamia jikoni na cherehani yake. Leo amesema, kwa upole unaotisha, kwamba Jumamosi anataka kusoma ukurasa mmoja. Mmoja tu! La sivyo anarudi chumbani kwake. Nimemwambia sanaa haiharakishwi. Amesema hata githeri haiharakishwi, lakini huiva.

Kinachoniuma zaidi ni Mwalimu Nyamu, jirani yetu. Naye anaandika riwaya. Yuko sura ya nne. Hunieleza hivyo kila tukionana, hata nikijificha nyuma ya magunia ya mbolea dukani kwangu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemuuliza Nyamu (eti namuulizia rafiki) mtu hufanyaje akikwama mwanzoni. Amesema mwanzo mzuri humfanya msomaji aulize: kisha? Halafu akanipapasa bega kama anayempa pole mfiwa. Majivuno matupu!

Lakini neno lake limenikaa kichwani mchana kutwa. Kwa nini mtu huuliza "kisha"? Kwa nini wengine wakisimulia tunapiga miayo, na wengine tunaacha chai ipoe? Nataka kujua. Kweli nataka kujua.

Nimepata! Wasomaji sina, ila kijiji chetu cha Githongo kina masikio. Nitawajaribia watu mianzo yangu bila kuwaambia ni riwaya. Utakaowanasa ndio nitakaouandika. Akili hizi zote, na bado Nyamu ndiye anayejiita mwandishi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepeleka kahawa kiwandani. Wanawake wameketi kwenye maturubai wakichagua, mbivu huku, mbichi kule. Nimejipenyeza karibu na Gladys, ambaye akijua jambo saa tatu, Meru mjini wanalijua saa nne.

Mwanzo wa kwanza: mawingu mazito juu ya mlima. Gladys amekubali kwamba itanyesha, akaniomba nisogeze mguu. Mwanzo wa pili: mwanamume anayekaa peke yake akitafakari maisha. Wamesema huyo apewe dawa ya minyoo.

Wa tatu nimeutunga papo hapo. Nimesema kijana mgeni ameonekana njia ya mtoni, anavuta kondoo dume mwenye pembe moja, anauliza nyumba ya baba yake aliyemkana. Mikono yote imesimama juu ya kahawa. Gladys akauliza: kisha? Jinsi alivyolitamka! Nilitaka kumkumbatia. Nimesema sijui zaidi, nikaondoka nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Novemba

Ajabu tupu. Habari imenitangulia dukani. Kijana sasa ana kovu shavuni na digrii ya uhandisi. Mteja mmoja ameapa kwamba alimwona kwa macho yake. Nimemuuliza ni pembe ipi iliyobaki. Ya kushoto, amejibu bila kusita. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua!

Wanaume wa umri wa kuwa baba wa kijana huyo hawaonekani njiani. Mzee Muthamia wa kanisa amekuja kununua chumvi ya ng'ombe, akauliza, macho darini, kijana amefanana na nani. Kisha Nyamu, jasho likimtoka, akataka kujua mama wa kijana ni wa wapi. Nimesema nadhani Gachoka. Ameketi juu ya gunia bila kukaribishwa. Siku tamu kuliko zote mwaka huu.

Jioni nilishika kalamu, nikaiweka. Ya nini kuandika, na hadithi inajiandika yenyewe?

Ijumaa, 7 Novemba

Balaa! Wazee wa ukoo wameitisha kikao ili kumpata baba wa kijana. Mwenyekiti ni Mzee Muthamia, mkali kuliko wote. Ameuliza nani alianza kusema. Vidole vyote kwangu. Ameuliza nilijuaje habari za pembe, na za kukanwa, na za Gachoka, kama si mimi niliyetembelewa. Wanaume wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Nyamu akapiga makofi.

Nimekiri kwamba nilibuni. Kwamba ni mwanzo wa riwaya. Gladys akasimama, akasema vizuri, kama nilibuni niwaambie kisha ikawaje. Nikafungua mdomo. Hamna kitu! Kondoo tu, amesimama njiani ananitazama. Muthamia amesema mtu aliyetunga hadithi angejua mbele yake. Eti mimi sijui kwa sababu yalitendeka kweli na hayajaisha. Kikao kimekubaliana naye. Mimi ndiye baba.

Ruguru alitembea mbele yangu hadi nyumbani. Kisha akaifunga cherehani kwa shuka. Kesho saa sita kaka yake anakuja na pikapu amrudishe kwao Runyenjes. Nimemsihi. Amesema kama riwaya ipo kweli, ataisoma kabla gari halijafika. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Nyumba hii bila yeye ni kuta tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeandika tangu alfajiri. Sikuwa na nafasi ya kuuliza kama jua lilichomoza. Kijana alibisha hodi, nikataka kujua nani atafungua. Alifungua mwanamke mwenye pini mdomoni. Nikataka kujua kwa nini hakushtuka. Nikaandika nijue. Kila nilipojua jambo, lingine lilijitokeza nyuma yake. Honi ya pikapu ndiyo iliyonishtua.

Ruguru ameanza kusoma akiwa amesimama. Baadaye ameketi. Njue, kaka yake, akapiga honi tena, akaambiwa anyamaze. Karatasi zilipoisha amezigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ameniuliza: kisha?

Pikapu imerudi Runyenjes tupu. Ruguru amesema chumba ni changu hadi nimalize, hata kama ni miaka. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumapili, 9 Novemba

Ruguru alipokuwa kanisani nimezipitia kurasa zangu kwa utulivu. Nzuri. Nzuri mno. Ila mwanzo una kasoro: kondoo. Watu wa Nairobi watamwelewaje? Na mwanzo ukibadilika, yanayofuata hayawezi kubaki yalivyo. Nimezitia zote jikoni, motoni. Ni heri kuanza upya, kwa usafi.

Kosa langu nimeligundua pia: Githongo ni padogo, watu wanajuana. Kesho naenda Laare, kwa wafungaji wa vitita vya miraa, ambako hakuna anijuaye. Mwanzo mpya ninao tayari, na unasisimua vibaya sana: mke wa muuza mbolea wa Githongo ametoroka na mwalimu jirani.