Orodha Tupu ya Bwana Mwinshehe

Mwaka 1972 Idara ya Orodha, tawi la Bagamoyo, ilitangaza kwa heshima na taadhima Waraka Namba Moja: hakuna orodha itakayojazwa kabla ya kuwapo, kukaguliwa, na kuthibitishwa kuwa ni tupu.

Tangazo lilimlenga Sikuzani. Binti huyu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, alikojifunza kuiandikia kompyuta maagizo kwenye kadi za matundu. Alipoambiwa aorodheshe vijiji vitakavyopewa pampu za maji, aliandika mstari mmoja tu: fungua orodha mpya, ndani yake Mkange, Msata, Kerege. Akamaliza chai yake ikiwa bado ya moto.

Mkuu wa tawi, Bwana Mwinshehe, aliishika ile kadi kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, orodha haizaliwi na watoto mgongoni. Kwanza iwepo. Ikae. Kisha kila jina liingie na kadi yake, barua yake na sahihi yangu."

"Mashine inaelewa hivi hivi, mzee."

"Mashine haijapitia utumishi."

Basi orodha ikafunguliwa. Kamati ya watu watano iliikagua siku mbili, ikaiona tupu kwelikweli, ikajipongeza. Nje, Bi Mwaija wa Mkange alikuwa anashinda barazani siku ya tatu, akingoja jina la kijiji chake liingie. Kwao walichota maji dimbwi moja na nyati. Pampu zingegawiwa Jumamosi, na kijiji kisichoorodheshwa kingengoja mwaka mwingine. Ijumaa asubuhi Mkange ilikuwa haijaingia bado, kwa kuwa mjumbe mmoja alitaka kujua kama orodha yenye jina moja ni orodha.

Sikuzani alimtazama Bi Mwaija, miguu imepasuka kwa vumbi la njia, akashindwa kuvumilia. Alimkabidhi Mrisho, dereva wa lori, ile kadi yake ya kwanza aiwahishe Dar kwenye mashine.

Pampu zikaja zote tatu. Ya Mkange ilipotoa maji, Bi Mwaija alijimwagia ndoo nzima, kanga na yote.

Wiki iliyofuata akafika mkaguzi kutoka makao makuu, akauliza ni nani aliyeandika mstari ule wa ajabu. Sikuzani alifumbua mdomo, lakini Bwana Mwinshehe alikwisha kusimama.

"Ni mimi," alisema, akiweka sawa kola yake. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Mkaguzi akafungua Waraka Namba Moja, akausoma wote kwa sauti, kisha akamsimamisha kazi mpaka mashtaka yake yaorodheshwe.

Orodha ya mashtaka ilifunguliwa siku hiyo hiyo. Kamati ikaanza kuukagua utupu wake.

Miezi minne baadaye, kamati ikiwa bado inakagua, Bwana Mwinshehe alimvizia Sikuzani akitoka kazini, kofia mkononi.

"Mwanangu," alimnong'oneza, "mstari mmoja tu. Yatie yote, hata nisiyoyafanya."